Chini ya Namba Sita

4 Februari

Mama Lenzi,

Salamu kwanza, vitimbi baadaye. Dereva wa basi la asubuhi atakukabidhi kiboksi kilichofungwa kwa kamba ya kijani. Ndani mna saa tatu za mkononi, za enzi ambazo mimi na wewe tulikuwa bado tunafundishwa kufunga viatu. Mashine zake nimezisafisha na zote zinatembea vizuri. Mbili ni halisi tangu kitufe cha kutilia ufunguo mpaka kamba. Ya tatu uso wake umechezewa na mtu, na mtu huyo si mimi.

Utaratibu wetu unaujua. Sikuambii ni ipi. Ukiikosa, unapanda basi kuja kuninunulia chai. Ukiipata, unanicheka kwa barua kama kawaida yako. Tangu tuanze mchezo huu sijaonja chai yako hata tone, lakini mimi si mtu wa kukata tamaa.

Mama yako anaendeleaje na macho? Nilipiga simu juzi nikuulize hali yake, akapokea yeye mwenyewe, nikaishia kukata.

Fundi Taratibu


9 Februari

Fundi Taratibu,

Chai hiyo endelea kuiota. Ni ile yenye kiduara kidogo cha sekunde.

Niliipeleka dirishani asubuhi, jua likiwa bado linaingia upandeupande, nikauinamisha uso wake pole pole. Uso wa saa huanza kuchakaa pembeni, pale unyevu unapopenyea. Huu wako pembeni ulikuwa unameremeta na katikati una madoa, kama mtoto aliyenawishwa na mjomba. Hapo nikatia lenzi jichoni, nikaanza chini ya namba sita kama siku zote, pale palikuwa sawa. Vijistari vya dakika havikukutana na namba zake. Kile cha namba nne kilipita kando kabisa, kama jirani aliyenuna. Aliyeuchora upya alikuwa na haraka, na haraka haina baraka, hasa kwenye kitu kidogo kuliko kifungo cha koti.

Hizo mbili halisi zimeshaondoka. Mteja akisitasita namwambia tu, "Hii imetoka kwa Fundi Taratibu," basi, anaacha kuuliza. Nakuambia ujue neno lako lina uzito gani kwenye kaunta yangu. Dukani nina ubao wenye maandishi TAHADHARI, nimetundika nyuso bandia za kila aina ili wateja wajifunze. Hapo hakuna hata uso mmoja uliokuja kwa hila kutoka kwako.

Mama atafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza wiki ijayo, la pili baadaye. Amekasirika kwamba daktari ni kijana. "Nina sufuria zilizomzidi umri," anasema. Tafadhali usimpigie simu tena. Husemi, unapumua tu, naye ameshaamua kwamba wewe ni tapeli.

Mama Lenzi


15 Februari

Dada yangu,

Kaa kitini kabla hujaendelea kusoma. Nataka kuoa.

Unamfahamu kwa habari, maana kila nikija kwako namtaja, nawe hujifanya unatafuta sindano. Ni yule mwenye duka la saa za zamani, niliyekutana naye kwa muuza vipuri siku alipokuwa anamthibitishia muuzaji, mbele ya watu, kwamba uso wa saa yake umebandikwa kwa gundi. Alimshinda yule bwana bila kupandisha sauti, kisha akamsaidia kuokota vipuri alivyovimwaga kwa hasira. Tangu siku hiyo namtumia saa, na kila mzigo natia moja ya kumtega, na kila mara ananinasa. Yeye ni mjane kama nilivyo mimi mgane. Tangu marehemu atutoke sijawahi kuingoja barua ya mtu namna hii. Nikiliona basi la asubuhi linaingia stendi, moyo unanienda mbio, na mimi ni mzee wa kuvaa miwani miwili.

Kusema kwa mdomo siwezi. Nimejaribu simu. Kwa hiyo nimepata njia. Kwenye saa nyingi za zamani, chini kabisa ya namba sita, kiwanda kilikuwa kinaandika maneno mawili madogo ya kigeni, moja kushoto na moja kulia, kueleza saa ilikotengenezwa. Nina uso mmoja uliokwanguka hapo. Nitauchora mwenyewe kwa brashi ya unywele mmoja. Kushoto nitaandika NAOMBA, kulia TUOANE. Yeye kila uso huanza kuukagua hapo, aliniambia mwenyewe. Hawezi kuukosa.

Kitu kimoja sitafanya. Namba nitazipaka ile rangi ya kung'aa gizani, nayo itakuwa nyeupe, mpya. Wenzangu huipaka majani ya chai ionekane ya kale. Mimi nitaiacha hivyo hivyo. Sitaki kuanza na mama wa watu kwa uongo.

Unaonaje?

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, na mwenye gauni yuko njiani kulichukua.

Lakini nikuulize. Mimi na cherehani yangu hapa, mtu akitaka suti huja akasema, "Nishonee suti." Haniletei kifungo akanyamaza nikisie. Mwanamke anaambiwa kwa mdomo, mdogo wangu. Au kwa barua, kwenye karatasi, kwa herufi ambazo mtu anaziona bila kukunja sura. Umejaza kalamu mezani halafu unakwenda kumposa mtu kwa unywele!

Najua hutasikia. Ulipokuwa mdogo uliomba radhi kwa mama kwa kutengeneza redio yake, nayo ilikuwa haijaharibika. Kwa hiyo nimeshakata kitambaa cha suti yako. Rangi ya majivu. Nitumie kipimo cha kiuno, na usidanganye.

Dada yako


3 Machi

Mama Lenzi,

Katika kiboksi hiki mna saa moja tu, yenye kamba ya ngozi nyekundu.

Mara hii hakuna mchezo. Hii nimeishughulikia kwa moyo wangu wote, tena kwa muda mrefu kuliko saa yoyote iliyowahi kupita mezani kwangu. Itazame kama unavyozitazama zote, bila kunionea haya wala huruma. Kisha nijibu ndiyo au hapana. Nitalipokea lolote litakalokuja.

Mpe Mama pole ya jicho.

Fundi Taratibu


8 Machi

Fundi,

Umetaka ndiyo au hapana. Jibu langu ni hapana.

Sikutegemea kitu kama hiki kutoka kwako. Nilipoona umeandika "hakuna mchezo" nilikaribia kuipeleka kabatini moja kwa moja bila kuikagua, na kuna mteja angeiondoa siku hiyo hiyo kwa sababu ya jina lako. Ni mazoea tu yaliyonifanya nichukue lenzi. Nikaanza chini ya namba sita, kama siku zote. Maandishi ya pale hayakupigwa chapa, yamechorwa kwa mkono. Herufi ya kwanza ina mkia wa brashi. Zile A hazilingani, moja imenenepa na nyingine imekonda. Wino umevimba juu ya rangi badala ya kulala ndani yake. Halafu namba ni nyeupe kama maziwa, na mishale ina rangi ya chai. Hata aliyeanza kujifunza jana angejua kwamba vitu hivi havikuzeeka pamoja!

Kwenye mchezo tulikuwa tunaambiana kwamba kuna hila. Safari hii uliniambia hakuna. Kama una shida, ungesema shida. Kama umechoka na mimi, ungesema hivyo pia. Mimi naweza kupoteza saa nisiumie, lakini sikutaka kukupoteza wewe, na nalisema waziwazi kwa kuwa limeniuma.

Saa sikurudishii. Nimeutoa uso wake na kuutundika kwenye ubao wa TAHADHARI, pamoja na wenzake. Jina lako sikuliandika.

Mama ametolewa bandeji juzi, jicho limekubali. Sasa anasoma kila kitu kilicho mbele yake kwa sauti. Leo asubuhi amesoma paketi ya sabuni mwanzo hadi mwisho, akauliza mwandishi ni nani.

Mama Lenzi


13 Machi

Mama Lenzi,

Nimepokea jibu lako. Ni haki yako, na niliomba mwenyewe lije bila huruma. Sikuwa na shida na wala sijachoka na wewe. Nilijipima vibaya tu, mtu wa umri wangu. Uso huo uache ubaoni au utupe, kama utakavyo.

Saa nyingine nitaendelea kukutumia ukipenda. Halisi tupu, bila mitego.

Fundi


13 Machi

Dada yangu,

Amekataa. Barua yake nimeiweka humu humu ndani ya bahasha uisome, mimi siwezi kuinakili. Posa yangu ameitundika ukutani penye ubao wa bandia, wateja waichungulie. Kitambaa cha suti mpe mtu mwingine mwenye kiuno kama changu.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu mpenzi, fundi wa saa, mjinga wa mengineyo,

Barua ya huyo mama nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nimesimama, kisha nikamsomea mteja wangu aliyekuja kupunguziwa sketi. Sote wawili tumekubaliana. Huyu mwanamke hajui kama ameposwa.

Tumia akili. Mwanamke akikataa posa hazungumzii mkia wa brashi. Anasema nimeheshimika lakini, au anasema nina watoto wa kulea, au anamtuma kaka yake. Huyu analalamika kwamba A imenenepa! Ametazama herufi zako moja moja kama mimi ninavyotazama mishono. Mimi naweza kukuambia uzi wa shati la mtu ulikatika wapi, halafu nisijue shati lilikuwa na picha gani kifuani. Hayo maneno ya kiwandani nani huyasoma? Ungeandika pale "nyumba inaungua" angekuambia wino umevimba.

Na kuna mstari umeupita mbio, ule wa "sikutaka kukupoteza wewe." Mtu haandiki hivyo kwa muuza saa.

Mwandikie leo. Kwa karatasi! Usiponiandikia kwamba umeshamwandikia, nitapanda basi kwenda kumwambia mwenyewe, nikiwa na suti mkononi.

Dada yako


18 Machi

Kwako Fundi,

Hunijui kwa sura na mimi sikujui, ila umenipumulia sana kwenye simu. Mimi ni mama yake huyu mwanamke wa lenzi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu na naiona kwa jicho langu, namshukuru Mungu na yule kijana daktari, ambaye nilimkosea heshima.

Tangu nifunguliwe jicho sina kazi nyingine ila kusoma. Nimemaliza kalenda, chupa za dawa, magazeti yaliyotandikwa kwenye makabati, na risiti moja ya zamani isiyonihusu. Jana nilikuwa dukani, kwenye kiti changu, sina tena cha kusoma. Nikaona ule ubao wake wa TAHADHARI. Nikamwambia, "Niletee hicho kidude chako cha jichoni." Akasema, "Mama, humo hamna cha kusoma, ni nyuso za bandia tu." Nikamwambia alete, mimi ndiye niliyemzaa.

Nyuso za juu hazikuwa na jipya. Nikafika kwenye ule wenye namba nyeupe. Nikasoma kwa sauti, "Naomba." Nikasema, "Mwanangu, saa hii inaomba." Akasema bila kugeuka, "Mama, hayo ni maneno ya kiwandani, yako kwenye saa zote." Nikasogeza lenzi upande wa pili wa sita. Nikamuuliza, "Kiwanda gani hiki kinachoomba tuoane?"

Mteja mmoja alikuwa anajaribu kamba ya saa. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mwanangu aliangusha kibano, akaja, akatazama, akatoa lenzi akaifuta kwa khanga yangu, akatazama tena. Kisha akakaa juu ya boksi na kusema, "Mama, nimemwita mwongo." Nikamwambia, "Nami nilimwita tapeli, tumwombe radhi pamoja." Hakunisikia. Barua yako ya pili ilifika mchana huo huo, ile ya kujipima vibaya, akaisoma akalia kidogo na kucheka kidogo, kwa zamu. Tangu jana jioni anaosha vikombe ambavyo ni safi.

Mimi simjibii. Ana mdomo wake, na nadhani umeshaujua. Ila nimeona kwamba uso ule ameutoa ubaoni, na hakuutupa.

Mama yake


19 Machi

Fundi Taratibu,

Mama ameniwahi kukuandikia, na amekataa kunionyesha alichoandika, kwa hiyo najua amesema yote.

Nisamehe. Sina pa kujificha. Nimezoea kutazama maandishi ya saa kama mtu anayehesabu punje za mchele, moja moja, nzuri huku na mbovu kule. Nilipotia lenzi nikaona N yenye mkia, nikaona A nene na A nyembamba, nikapandwa na hasira, na neno lenyewe halikunijia kabisa. Ulichagua mahali pekee duniani ambapo mimi sisomi. Angekuwa mtu mwingine yeyote, hata mteja wa kwanza kuingia, angelisoma. Ilibidi afunguliwe jicho mwanamke mzima ndipo nijue kwamba nimeposwa, tena posa yangu nimeitundika mwenyewe ukutani chini ya neno TAHADHARI.

Jana nilikaa nayo dirishani asubuhi nzima, duka limefungwa, wateja wanagonga. Nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mwanzo. Ungeweza kunificha. Una mkono wa kuchora herufi zikalala kama za chapa, na majani ya chai unayo. Hukuficha kitu. Mtu anayetaka kudanganya haachi namba nyeupe hivyo kando ya mishale ya rangi ya chai. Uliniletea wazi ili niione, na mimi nikakuita mdanganyifu kwa sababu hukudanganya.

Sasa jibu langu, kama mkaguzi. Uso huu umechorwa upya. Maandishi ya chini yameongezwa na mtu asiye na kiwanda. Hauwezi kuuzwa kama halisi, na hautauzwa kabisa, maana nimeshaurudisha kwenye mashine yake na saa iko mkononi mwangu ninapoandika. Ndiyo. Ndiyo kushoto, ndiyo kulia.

Na ile kasoro niliyoipigia kelele, kwamba namba na mishale havikuzeeka pamoja, iache hivyo ilivyo. Wewe ulizeekea kwako na mimi kwangu, kila mtu na marehemu wake. Vikikaa ndani ya kioo kimoja, jua moja, unyevu mmoja, rangi hufuatana yenyewe. Nimeyaona hayo kwenye saa nyingi, wala haihitaji majani ya chai.

Chai hasa nitakupikia mimi. Mara hii nimeshindwa mchezo na nakubali, lakini sipandi basi, panda wewe. Njoo Jumamosi, uje na huyo dada yako mwenye cherehani, ambaye leo asubuhi nimepata barua yake ya kurasa nne ikinieleza nisome chini ya namba sita. Anasema pia kwamba kiuno ulichomtajia si cha kweli.

Tarehe ya harusi tusiitaje kwanza. Mama amekataza mpaka afunguliwe jicho la pili. Anasema hii hataki kuiona nusu.

Wako,
Mama Lenzi